Jua la Alasiri na Usingizi wa Mtoto Msafiri

Mhadhara kwa wazazi wanaozungumza Kiswahili wanaoishi Minnesota, uliotolewa wiki chache kabla ya likizo ya Desemba. Umeandikwa kama ulivyosemwa, pamoja na baadhi ya maswali ya mwishoni.

Asalaam aleikum, Bwana asifiwe, habari za jioni. Wakubwa zangu, shikamooni. Naona na wadogo zetu wamekuja, huyo wa pale nyuma ameshalala kwenye bega la baba yake, kwa hiyo mfano wetu tunao tayari.

Mwenyekiti aliponipigia simu aliniambia, "Dada, watu wameshakata tiketi, sasa wanaogopa ndege. Njoo utufundishe mtoto alale vipi kwenye ndege." Nikamwambia nitakuja, lakini habari ya ndege nitaisema kwa ufupi. Ndege inaisha. Hata ikiwa saa ishirini na nne, ukijumlisha na kusubiri Amsterdam au Doha au Addis Ababa, inaisha, mnashuka, mnachukua mabegi yenu. Kinachowamaliza watu ni ile wiki ya kwanza nyumbani kwa bibi. Mtoto anaamka saa nane za usiku anadai chakula. Mchana ndugu wamejaa sebuleni, wametoka Mbagala, wametoka Kibaha, wamekuja kumwona mgeni, na mgeni amezimika kwenye kochi hata ukimwagia maji haamki. Mimi ni muuguzi wa watoto. Kila Januari napokea simu za wazazi waliorudi huku wamechoka kuliko walivyoondoka.

Kwa hiyo muda mwingi leo nitautumia kwenye mwanga: lini mtoto aone jua na lini asilione. Mengine yote, dawa, vyakula, blanketi, yanakuja baada ya hapo. Na saa zote nitakazotaja ni za Kiswahili, msinichanganye na simu zenu.

Tuanze na saa ya mwili, maana mwanga unafanya kazi kupitia hiyo. Ndani ya ubongo, juu kidogo ya pale mishipa ya macho yote mawili inapokutana, kuna vifundo viwili vidogo vya seli, jumla yake kama seli 20,000 hivi. Hapo ndipo mwili unapopanga muda wa kulala, wa kuamka, wa joto kupanda na kushuka. Wanasayansi watatu wa Marekani, Jeffrey Hall, Michael Rosbash na Michael Young, walipewa Tuzo ya Nobel ya tiba mwaka 2017 kwa kuonyesha namna saa hii inavyofanya kazi ndani ya seli, na kazi yao waliifanya kwa wale inzi wadogo wanaozunguka ndizi zilizoiva. Kwa binadamu mzunguko wa saa hii unazidi saa 24 kidogo, kwa hiyo kila siku inahitaji kurekebishwa. Kinachoirekebisha zaidi ya kitu kingine chochote ni mwanga unaoingia machoni.

Ukimpandisha mtu ndege ukampeleka mashariki kwa kasi, saa ile haijui. Inabaki Minnesota. Inasogea taratibu, na kwa kuelekea mashariki wengi wanakadiria saa moja kwa siku. Tunaporudi magharibi inakwenda haraka kidogo, kama saa moja na nusu kwa siku. Huo ndio jetilagi. Si uchovu tu, maana uchovu ungeisha kwa kulala usiku mmoja.

Sasa tupige hesabu, na naomba mtoe simu mwandike. Desemba tuko nyuma ya Dar es Salaam, Nairobi, Mombasa na Kampala kwa saa tisa. Julai zinakuwa nane, kwa sababu huku wanasogeza saa zao na kwetu hatuna mambo hayo. Mwanao hapa analala saa mbili usiku, anaamka saa moja asubuhi. Ongeza saa tisa. Usiku wake, kwa saa za nyumbani, unaanza saa kumi na moja alfajiri na unaisha saa kumi jioni. Siku ya kwanza nyumbani, mwili wake unaanza kulala wakati majogoo yanawika na unaamka watu wakitoka kuswali alasiri. Ukishaielewa hesabu hii huwezi tena kumkasirikia mtoto. Hana utundu wowote, anafuata saa yake sawasawa.

Hapa sasa ndipo wengi wanapokosea, na nataka nikae hapo kidogo. Mtaambiwa na kila mtu, hata baadhi ya madaktari: "Mtoe nje asubuhi apate jua." Ushauri huu ni mzuri sana kwa mtoto aliyetoka London. Kwa mtoto aliyetoka Minneapolis, siku mbili tatu za mwanzo, unaweza kuharibu kabisa.

Nieleze. Kila usiku joto la mwili linashuka, linafika chini kabisa kama saa mbili au tatu kabla ya muda wa kawaida wa kuamka, kisha linaanza kupanda. Hapo ndipo mwanga unapobadilisha kazi yake. Mwanga unaokuja kabla ya hapo unairudisha saa ya mwili nyuma: kesho mtoto atachelewa zaidi kulala. Mwanga unaokuja baada ya hapo unaivuta mbele: kesho atasinzia mapema. Tunaokwenda mashariki tunataka ivutwe mbele. Sasa mtoto wa hapa joto lake linafika chini saa kumi au kumi na moja za usiku wa Minnesota. Ongeza tisa: saa saba au nane mchana wa Dar es Salaam. Kwa hiyo lile jua la saa moja asubuhi, lile zuri la kutembelea ufukweni, kwa mwili wake ni kama taa kali iliyowashwa usiku akiwa ndio kwanza amelala. Linamrudisha nyuma. Jua la saa tisa alasiri ndilo linalomsaidia.

Basi siku ya kwanza fanyeni hivi. Mwacheni alale asubuhi, pazia limefungwa, mpaka saa nne au tano. Akiamka abaki ndani, kwenye chumba chenye kivuli, acheze, aoge, ale. Ikifika saa nane mtoeni nje, na mkae nje mpaka magharibi. Si lazima mumchome na jua la Desemba, sote tunalijua. Chini ya mwembe panatosha. Mwanga wa kivulini nje unauzidi mbali wa sebuleni, hata kama jicho lako haliioni tofauti hiyo. Siku ya pili mtoeni saa saba. Siku ya tatu saa sita au saa tano. Mkiendelea hivyo, kila siku saa moja mapema zaidi, kuelekea mwisho wa wiki ya kwanza mtakuwa mmefika kwenye jua la asubuhi, na hapo sasa ule ushauri wa majirani utakuwa sahihi.

Ndugu zetu wa Toronto na Columbus ambao huwa wanatupigia, kwao tofauti ni saa nane, kwa hiyo kila kitu kinaanza saa moja mapema. Wa Seattle ni saa kumi na moja, na hao huwa nawaambia wasihangaike kuvuta mbele: kwa umbali huo mwili mara nyingi wenyewe unachagua kuzunguka kwa nyuma. Wa London ni saa tatu tu wakati wa baridi, mtoto analala saa nne na nusu usiku badala ya saa moja na nusu, na kwa kweli nyumba nyingi za kwetu saa nne na nusu ndiyo kwanza wali unapakuliwa, hakuna atakayegundua. Muscat na Dubai ni saa moja. Huko tatizo ni uchovu wa safari, mlaze kesho atakuwa sawa.

Halafu kuna usingizi wa mchana. Saa ya mwili ni upande mmoja, upande wa pili ni deni la usingizi. Kila saa mtoto anayokaa macho, deni linakua, na deni hilo ndilo linalomwangusha usiku. Mkimwacha alale kuanzia saa sita mpaka saa kumi na mbili jioni deni limelipwa lote, halafu saa nne usiku mnashangaa anaruka kitandani. Mtoto wa mwaka mmoja mpaka miwili anahitaji saa 11 hadi 14 kwa siku nzima, wa miaka mitatu mpaka mitano saa 10 hadi 13, usingizi wa mchana ukiwemo. Mpe sehemu yake ya mchana, saa moja na nusu, isizidi mbili, na iishe kabla ya saa kumi. Najua kumwamsha ni kazi. Usimtikise. Fungua pazia, mbebe, mpeleke nje akiwa bado analia, mwoshe uso, mpe tikiti maji. Atakuchukia kwa dakika ishirini.

Sasa usiku. Naomba mnisikilize, maana hapa nitawagusa mama zetu.

Saa nane usiku, nyumba imelala. Mtoto anakaa kitako ndani ya chandarua, anasema, "Mama, nataka kula." Si deko. Saa nane usiku wa Tanga ni saa kumi na moja jioni ya Minneapolis, na tumbo nalo lina saa yake, ini lina saa yake, vyote vinasubiri chakula cha jioni. Bibi amesikia. Bibi wa kwetu hawezi kusikia mjukuu ana njaa akabaki kitandani. Anaamka, anawasha taa ya korido, anawasha ya sebuleni, ile ya tyubu nyeupe, anapasha pilau, anamwashia katuni, na babu naye ametoka kuuliza kuna nini. Kufikia saa tisa ni sherehe. Mapenzi matupu, na siku nzima ya kazi yenu imekwenda.

Mwaka 2018 watafiti wa Chuo Kikuu cha Colorado Boulder waliwaweka watoto kumi wa miaka mitatu mpaka mitano kwenye mwanga mkali kwa saa moja kabla ya kulala. Melatonini, ile homoni inayotangaza usiku mwilini, ilishuka kwa takriban asilimia 88, na karibu saa nzima baada ya taa kuzimwa ilikuwa bado haijarudi. Macho ya mtoto yanapitisha mwanga mwingi kuliko yetu. Tyubu moja saa nane usiku si jambo dogo.

Kwa hiyo andaeni mapema. Kabla ya kulala weka kando ya kitanda ndizi mbivu, kiazi kitamu kilichochemshwa, uji kwenye chupa ya chai, maji. Akiamka, washa tochi ya simu uielekeze ukutani au chini ya uvungu, mpe ale humo humo gizani, chakula kisicho na raha yoyote. Ongea kwa kunong'ona. Akitaka kucheza acheze na vijiko. Hakuna televisheni, hakuna simu, hakuna kumpigia baba aliyebaki Marekani kwa video eti kwa sababu huko ni jioni. Usiku wa kwanza anaweza kukaa macho mpaka alfajiri, ni kawaida, hasa kwa kuwa ndege nyingi za kutoka Ulaya zinatua Dar usiku na yeye anashuka akiwa na nguvu za alasiri. Usiku wa tatu, wa nne, utaona anakula kidogo na kurudi kulala.

Na zungumzeni na wenyeji wenu kabla ya kuondoka hapa. Si siku ya kufika, siku ya kufika hakuna anayesikia. Mpigie mama yako wiki moja kabla: "Mama, daktari amesema siku nne za mwanzo mtoto asiwashiwe taa usiku, na wageni waje kuanzia saa tisa alasiri." Semeni ni daktari. Msiseme ni mimi niliyesoma mtandaoni, mtaambiwa mmelelewa bila hayo na mkakua. Kuhusu wageni, nawapa siri: saa tisa mpaka magharibi ndiyo saa nzuri ya wageni kwa mtoto huyu. Ndio wakati mwili wake unaamka, yuko nje, ana furaha. Shangazi aliyekuja saa nne asubuhi atakuta mtoto amelala au analia anakataa watu, kisha yataanza maneno, mara ana husuda, mara watoto wa Ulaya hawana adabu. Mpangieni shangazi saa kumi, na chai juu.

Chumba chenyewe. Mtoto wa Minnesota amezoea nyuzi ishirini na ukimya. Dar Desemba usiku hauteremki sana chini ya nyuzi 25, na kuna bodaboda, kuna mbwa, kuna adhana, kuna jogoo asiyejua saa. Feni inasaidia mambo mawili kwa mpigo: inapoza na inafunika kelele kwa mvumo wake. Iwashwe muda wote, isikate katikati. Mwogeshe maji ya uvuguvugu, mvalishe fulana nyepesi ya pamba tu, basi. Pajama za manyoya ziacheni hapa. Chandarua kiwepo hata kama nyumba ina nyavu za madirishani. Watoto waliozaliwa huku hawana kinga yoyote ya malaria, na habari hii nitairudia. Mzoesheni kulala ndani ya chandarua hapa hapa kama mna nafasi, kitundikeni wiki mbili kabla, awe anakiita nyumba yake, maana wapo wanaokiogopa.

Utaratibu wa kulala muuchukue mzima mzima muende nao. Kama hapa ni kuoga, kupakwa mafuta, hadithi, dua, taa, basi na kule ni hivyo hivyo kwa mpangilio ule ule. Chukua shuka lake bila kulifua. Au khanga yako uliyoilalia siku mbili tatu.

Sasa ndege, kama nilivyoahidi, kwa kifupi. Wengi mtapitia Ulaya. Ratiba ya kawaida mnaondoka hapa alasiri au jioni, saa nane hivi angani, mnatua Amsterdam asubuhi ya kule, ambayo kwa mtoto ni usiku wa manane. Matokeo yake ndege ya kwanza karibu yote anakaa macho, na anapitiwa na usingizi mnapokaribia kutua. Msipigane naye kwenye ndege ya kwanza. Katuni, chakula, kutembea kwenye korido, ruksa yote. Mkishuka mfunge mgongoni kwa mbeleko, aendelee kulala wakati mnatafuta geti. Usingizi wa kweli uko kwenye ndege ya pili, inayoondoka asubuhi ya Ulaya wakati kwake ni usiku mnene. Mbinu zote ziwekeni huko: nguo za kulalia, khanga, maziwa, dirisha limeshushwa.

Kwa wenye vichanga, mnaweza kuomba kile kitanda kidogo kinachofungwa ukutani mbele ya viti vya mwanzo. Omba mapema, ni vichache, na kikomo cha uzito mara nyingi ni kama kilo kumi au kumi na moja, kwa hiyo uliza shirika lako. Ndege ikianza kutikisika utaambiwa umtoe, hata kama amelala sasa hivi. Ukitaka kumzibia mwanga, ning'iniza khanga upande mmoja, usikifunike kitanda chote, hewa inakosekana na joto linapanda.

Masikio yanauma zaidi wakati wa kutua kuliko kupaa, na ndege inaanza kushuka kama nusu saa kabla ya kugusa ardhi. Muda huo mwamshe mtoto, ndiyo, mwamshe, umpe titi au chupa au chuchu bandia. Anapomeza, mirija ya masikio inafunguka. Anayelala usingizi mzito hamezi sana, ndiyo maana anashtuka na kilio kile kinachomfanya kila abiria ageuke. Hewa ya ndani ni kavu mno, kwa hiyo maji mara kwa mara.

Dawa. Nilijua mnaisubiri. Kule kwetu ipo ile dawa ya mafua, klofeniramini, wengi mnaiita Piriton, inapita kutoka mkono hadi mkono: "mpe kijiko kimoja, atalala mpaka mfike." Na promethazini pia. Promethazini kwa mtoto chini ya miaka miwili ni hatari ya kufa. Tangu 2004 mamlaka ya dawa ya Marekani imeamuru onyo kali kabisa liwekwe, kwa sababu inaweza kusimamisha pumzi. Hizi nyingine za jamii hiyo, zipo kwa watoto zinazofanya kinyume, badala ya kulala anacharuka. Utajua mwanao ni wa aina gani mkiwa juu ya bahari ya Atlantiki. Sipendekezi.

Melatonini nayo huku inauzwa kama pipi. Uingereza huipati bila cheti cha daktari, hapa unaichukua karibu na biskuti. Mwaka 2023 watafiti walipima aina 25 za pipi hizo zinazouzwa Marekani, na 22 hazikuwa na kiwango kilichoandikwa. Moja haikuwa na melatonini kabisa, na nyingine ilikuwa na zaidi ya mara tatu ya ilivyosema. Simu zilizopigwa kwenye vituo vya sumu vya Marekani kuhusu watoto waliokula melatonini zilipanda kutoka 8,337 mwaka 2012 hadi 52,563 mwaka 2021. Siwaambii ni sumu. Kwa mtoto mkubwa kidogo daktari wake anaweza kukubali kiasi kidogo kwa siku chache, tena kwa saa maalumu, maana ikitolewa saa isiyo yake nayo inasogeza saa ya mwili upande usioutaka. Muulizeni daktari, na zifungieni.

Na hili la malaria nililosema nitalirudia. Jetilagi haileti homa. Mtoto anayelala hovyo siku ya pili bila homa, anayecheza akiamka, ni safari. Mtoto aliyeshazoea, halafu siku ya tisa au ya kumi na mbili analegea, hataki kula, mwili wa moto, huyo apimwe malaria siku hiyo hiyo, asisubiri kesho. Malaria huchukua kama siku saba au zaidi tangu kuumwa na mbu mpaka ijitokeze. Na mkirudi huku Januari akapata homa, mwambieni daktari wa hapa kwa sauti: tumetoka Tanzania, tumetoka Kongo, tumetoka Kenya. Wasije wakawarudisha nyumbani na dawa ya mafua. Dawa za kinga muulizie sasa, kwani zipo za watoto kuanzia kilo tano, na kuna moja, meflokwini, inayojulikana kwa kuleta ndoto za kutisha, kwa hiyo kama mwanao ni mgumu wa kulala, litajeni hilo.

Naona mikono. Haya.

Mama mmoja anauliza mtoto wake ana miezi miwili, afanye nini. Mama, wewe ndiye mwenye bahati humu ndani. Mtoto wa umri huo saa yake bado haijajengeka, inaanza kushika kati ya miezi miwili na mitatu. Analala na kuamka kwa njaa, Minneapolis au Mwanza kwake sawa. Ila wewe unayenyonyesha una saa, na maziwa yako yanaifuata: ya usiku yana melatonini, ya mchana karibu hayana kitu. Kwa hiyo fuata ule mpango wa jua wewe mwenyewe. Ukikamua, andika saa kwenye chupa, ya usiku mpe usiku. Na usilale naye kwenye kochi ukiwa umechoka hivyo. Kitanda, godoro gumu, chali, bila mito. Ukiona macho yanafumba, mpe bibi.

Baba wa pale anasema wanakwenda kwenye harusi, siku sita tu. Kwa siku sita, ndugu yangu, msijisumbue kumgeuza mzima. Akishafika kulala saa tano usiku na kuamka saa nne asubuhi, mwacheni hapo hapo. Harusi zenyewe zinaisha saa ngapi?

Swali la kurudi, hilo ni zuri. Kurudi mwili unakubali haraka zaidi, lakini Januari ya hapa inatuangusha, jua linazama kama saa kumi na moja jioni na nje hapakaliki. Baada ya mwezi nyumbani, mtoto atataka kulala saa tano asubuhi ya huku na kuamka saa nne usiku. Safari hii tunataka kuirudisha saa yake nyuma, kwa hiyo mwanga wa mchana na wa jioni mapema ndio rafiki. Mtoeni nje saa saba, saa nane, na makoti yake, hata nusu saa kwenye theluji, kwa sababu theluji inaakisi mwanga vizuri sana. Giza likiingia washeni taa zote za nyumba mpaka saa moja usiku hivi, kisha zimeni, na baada ya hapo nyumba iwe giza. Akiamka saa nne usiku ni ule ule mpango wa ndizi na tochi. Wengi wanakaa sawa ndani ya siku tano au sita. Kwa hiyo kama shule inafungua Jumatatu, msitue Jumapili. Tueni Jumatano. Na kama tiketi imeshakatwa ya Jumapili, mwandikieni mwalimu leo, mwambieni mtoto atasinzia kabla ya chakula cha mchana kwa wiki moja, na muulizeni kama wana mkeka wa kumlaza.